Kutoka Kinywa cha Mdai hadi Daftari la Mwanasheria: Historia ya Madondoo ya Utafiti wa Sheria katika Eneo la Mlima Meru

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya madondoo ya utafiti wa sheria katika eneo la Mlima Meru, kuanzia madaftari ya mashauri ya enzi ya Wajerumani hadi makala ya semina ya mwanafunzi wa leo. Hoja yake ya msingi ni kwamba, kwa zaidi ya karne moja, maneno ya mdai na shahidi yamekuwa yakisafiri kwa mwelekeo mmoja: kutoka lugha ya Kiafrika hadi rekodi ya lugha ya Kizungu, na safari hiyo kwa kawaida haikuandikwa popote. Kwa hiyo mtafiti anayeanza na rekodi ya Kiingereza huanzia mwisho wa jambo. Makala inapitia Kesi ya Ardhi ya Wameru (1951–1952), machapisho ya kisheria ya mwaka 1967, shauri la Lohay Akonaay, na hukumu ya Akayesu iliyotolewa Arusha 1998. Inahitimisha kwamba mabadiliko ya sheria ya lugha ya mwaka 2021 yatakuwa na maana kamili pale tu dondoo la mtafiti litakapoonyesha lugha lilikotoka.

1.0 Utangulizi

Sakina ni mtaa ulio upande wa magharibi wa jiji la Arusha, kando ya barabara iendayo Ngaramtoni, Longido na Namanga. Mwanafunzi wa sheria aliyepanga chumba hapo na anayesoma Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira hulazimika kulikatiza jiji zima hadi Usa River. Katika mwendo huo huacha nyuma yake Mahakama Kuu, makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye mahakama yake, na njia za kwenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu pamoja na Lakilaki, zinakohifadhiwa nyaraka za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda. Ni miji michache barani iliyo na mashauri mengi kiasi hicho yaliyokusanyika mahali pamoja.

Hata hivyo, mwanafunzi huyo anapoketi kuandaa makala ya semina, kwa mfano kuhusu haki ya ardhi ya kimila, shida yake ya kwanza huwa ya lugha. Hukumu anazozisoma ziko katika Kiingereza. Watu waliotoa ushahidi katika hukumu hizo walizungumza Kiswahili, Kimeru, Kimaasai au Kiiraqw. Daftari lake mwenyewe ni mchanganyiko: istilahi kwa Kiingereza, maelezo kwa Kiswahili, na maoni yake pembeni kwa lugha yoyote iliyomjia kwanza. Madondoo hayo, au noti kama wanafunzi wenyewe wanavyoyaita, mara nyingi huchukuliwa kuwa jambo dogo la maandalizi. Makala hii inayatazama kwa namna nyingine. Dondoo ni mahali ambapo uamuzi wa kutafsiri hufanyika kabla ya mtu yeyote kutambua kwamba kuna tafsiri iliyofanyika. Historia ya uamuzi huo katika eneo la Meru ni ndefu, na imewagharimu watu ardhi.

2.0 Shauri katika Daftari la Boma

Kiswahili kiliingia katika uandishi wa kisheria wa Tanganyika kikiwa tayari na msamiati wake. Maneno kama sheria, hukumu, hakimu, wakili, shahidi, dai, rehani na wasia yalikuwa yametumika pwani kwa muda mrefu, mengi yakiwa na asili ya Kiarabu. Utawala wa Wajerumani ulipokitumia Kiswahili katika shughuli za wilaya, ulilichukua pia neno shauri na kuliingiza katika Kijerumani cha maofisa kwa tahajia yao. Madaftari ya wilaya yaliyoorodhesha malalamiko ya Waafrika yaliitwa kwa neno hilo.

Mkopo huu unastahili kuangaliwa kwa makini. Katika Kiswahili, shauri ni ushauri, ni mpango, ni jambo linalojadiliwa, na pia ni kesi. Kupeleka shauri kwa wazee si lazima kuwe kumshitaki mtu. Kunaweza kuwa kuomba jambo litazamwe kwa pamoja. Lilipoingia katika daftari la boma, neno hilo lilibaki na maana mbili tu: malalamiko yaliyosikilizwa na ofisa, na uamuzi wake. Maana ya kushauriana ilidondoka. Neno lenyewe halikutafsiriwa, lakini dhana yake ilipunguzwa kwa kitendo cha kuliandika katika safu ya daftari.

Waingereza walirithi mfumo huo na kuubadili. Mahakama za wenyeji ziliendelea kuandika kumbukumbu zao kwa Kiswahili, ilhali sheria zilizotawala ardhi ziliandikwa kwa Kiingereza. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliiweka ardhi yote ya umma chini ya mamlaka ya Gavana, na marekebisho ya 1928 yakatambua kwamba Mwafrika au jamii ya Waafrika inayotumia ardhi kwa mujibu wa mila ina haki ya kuikalia. Utambuzi huo ulikuwa wa maneno ya Kiingereza yasiyokuwa na kisawe katika maisha ya mlimani. Mmeru aliyekuwa na kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo lenye makaburi ya wazee na maji ya mfereji, alijikuta katika sheria akiwa mtu anayehesabiwa kuwa na haki ya kukalia. Neno kihamba lenyewe halikuwa na nafasi katika kifungu hicho.

3.0 Kesi ya Ardhi ya Wameru: Dondoo Lililofika New York

Mfano ulio wazi kuliko yote wa safari ya maneno katika eneo hili ni ule unaojulikana kama Kesi ya Ardhi ya Wameru. Tume ya Jaji Mark Wilson, iliyotoa taarifa yake mwaka 1947, ilipendekeza ardhi ya Arusha na Moshi igawanywe upya, na sehemu moja ya mpango huo ikataka eneo la Engare Nanyuki, kaskazini-mashariki mwa mlima, liwe la walowezi wa Kizungu. Mwezi Novemba 1951 serikali iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 na kuwataka wahamie Kingori. Nyumba zilichomwa na mifugo ikapotea.

Wameru walichagua njia ya sheria na maombi. Mjumbe wao, Kirilo Japhet, alishirikiana na Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa wakili mjini Moshi. Kwa kuwa Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini, malalamiko yangeweza kufikishwa Umoja wa Mataifa, na mwaka 1952 wawili hao walisimama mbele ya vyombo vya umoja huo mjini New York. Japhet alizungumza kwa Kiswahili na Seaton akafasiri. Katika Baraza Kuu, mwezi Desemba mwaka huo, pendekezo la kutaka Wameru warudishiwe ardhi yao halikupata theluthi mbili ya kura zilizohitajika. Ardhi haikurudi wakati huo, lakini safari ile iliamsha siasa za Tanganyika kabla ya TANU kuzaliwa mwaka 1954.

Wanahistoria wameijadili kesi hii kama tukio la kisiasa. Kwa mtazamo wa lugha na utafiti wa sheria, inafaa pia isomwe kama kazi ya madondoo. Malalamiko yaliyozungumzwa katika mikutano ya Wameru yalipaswa kuandikwa, kuchujwa, kupangwa kwa tarehe na kugeuzwa kuwa hati ya Kiingereza inayoweza kusomwa na mjumbe wa nchi ambayo hakuna hata mtu mmoja Engare Nanyuki aliyewahi kuisikia. Hiyo ndiyo kazi ya mwanafunzi wa sheria, tofauti ikiwa kwamba hapa kosa la dondoo lingewagharimu wenyeji hoja yao.

Kila hatua ilidai uchaguzi wa maneno. Neno haki ni mfano unaojitosheleza. Kwa Kiswahili, anayedai haki yake kwa sauti moja anadai kitu anachostahili na pia anadai kutendewa kwa uadilifu. Kiingereza kina neno moja kwa dhana ya kwanza na jingine kwa ya pili, na mfasiri hawezi kulikwepa chaguo hilo. Akichagua la kwanza, dai linakuwa la kisheria na serikali inaweza kulijibu kwa kuonyesha hati. Akichagua la pili, dai linakuwa la kimaadili na serikali inaweza kulijibu kwa kuahidi fidia. Vivyo hivyo, katika lugha ya taarifa za serikali watu walihamishwa. Katika lugha ya waliochomewa nyumba, walifukuzwa. Mtafiti anayenakili neno la kwanza bila alama yoyote ameshachagua upande kabla ya kuandika aya ya kwanza ya makala yake.

Si sahihi, hata hivyo, kudai kwamba tafsiri ilikuwa adui. Bila Kiingereza cha Seaton, Kiswahili cha Japhet kisingesikika katika ukumbi ule. Tatizo liko kwingine: maneno ya Kiingereza ndiyo yaliyohifadhiwa kama rekodi, na maneno ya asili yakawa njia tu ya kuyafikia. Japhet na Seaton walipochapisha kitabu chao cha The Meru Land Case mjini Nairobi mwaka 1967, nacho kilitoka kwa Kiingereza. Mjukuu wa mtu aliyefukuzwa Engare Nanyuki, akiwa leo mwanafunzi wa sheria, huisoma habari ya babu yake katika lugha ambayo babu huyo hakuitumia kuisimulia.

4.0 Mwaka 1967 na Muhtasari wa Hukumu

Mwaka huo wa 1967 una uzito wa pekee katika mjadala huu. Mwezi Februari, Azimio la Arusha lilitangazwa kwa Kiswahili na wananchi wakalisoma, wakalisikiliza redioni na kulijadili bila mkalimani. Mwaka huohuo ulianza mfululizo wa High Court Digest, uliokuwa ukitayarishwa na Kitivo cha Sheria mjini Dar es Salaam. Mihutasari hii mifupi ilikusanya maamuzi ya Mahakama Kuu ambayo vinginevyo yangebaki katika majalada. Kwa asili yake ilikuwa madondoo: mambo ya msingi ya kesi, hoja, uamuzi. Kwa wasomi na mawakili wengi wa miaka ile, madondoo hayo yakawa ndiyo sheria yenyewe, kwa kuwa hukumu kamili haikupatikana kwa urahisi. Yote yaliandikwa kwa Kiingereza.

Ikumbukwe kwamba mashauri mengi yaliyofupishwa humo yalianzia Mahakama za Mwanzo. Mahakama hizo, zilizowekwa na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963, lugha yake ilikuwa Kiswahili. Hakimu na washauri wa mahakama walimsikiliza mdai na mdaiwa kwa Kiswahili na kuandika mwenendo wa shauri kwa Kiswahili. Rufani ilipopanda hadi Mahakama Kuu, jaji aliandika kwa Kiingereza. Kisha mhariri wa muhtasari akalifupisha andiko hilo. Kilichomfikia msomaji kilikuwa dondoo la tafsiri ya kumbukumbu ya maneno.

Wasomi hawakuwa kimya. A. B. Weston, mkuu wa kwanza wa Kitivo cha Sheria, aliandika mwaka 1965 katika jarida la Swahili kuhusu matatizo ya kukuza lugha ya taifa katika uwanja wa sheria, na mwaka 1968 ikatoka orodha ya istilahi za sheria za Kiswahili chini ya kitivo hicho. Miaka 31 baadaye, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi ya Sheria (1999). Kazi hizi ni msingi usioepukika. Lakini zote mbili zilianza na istilahi ya Kiingereza na kuitafutia kisawe. Mwelekeo wa kinyume, yaani kukusanya maneno ambayo wadai na washauri wa Mahakama za Mwanzo walikuwa wakiyatumia tayari na kuuliza yanabeba dhana gani za kisheria, ulibaki nyuma. Majalada ya Kiswahili yalichukuliwa kuwa malighafi ya rufani, hayakuchukuliwa kuwa hazina ya istilahi.

5.0 Swali Linalopotea na Neno Linalobaki

Kuna sababu nyingine inayofanya rekodi ya mahakama isomwe kwa uangalifu. Kanuni za mwenendo wa mashauri ya madai humtaka hakimu au jaji kuandika ushahidi kwa mtindo wa masimulizi, si wa swali na jibu. Kwa miaka mingi kazi hii ilifanywa kwa mkono, shahidi akizungumza Kiswahili na kalamu ikiandika Kiingereza papo hapo. Wakili huuliza, “Je, ulimwona mdaiwa akihamisha mpaka wa shamba?” Shahidi hujibu, “Ndiyo.” Katika rekodi husomeka kwamba shahidi alisema kwa kauli yake kuwa alimwona mdaiwa akihamisha mpaka wa shamba. Neno moja la shahidi limekuwa sentensi nzima, na maneno ya sentensi hiyo ni ya wakili. Mwanafunzi anayeinakili katika alama za kunukuu, akidhani amemnukuu mkulima, amemnukuu mtu mwingine katika lugha nyingine.

Shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na Joseph Lohay linaonyesha upande wa pili wa jambo hili. Lilianzia Mahakama Kuu ya Arusha, likaamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1994, na likathibitisha kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba. Hukumu ni ya Kiingereza, lakini Katiba ya mwaka 1977 matini yake ya msingi ni ya Kiswahili. Swali la kikatiba, kwa hiyo, lilikuwa swali kuhusu neno mali. Katika matumizi ya kila siku neno hilo hukumbusha kwanza mifugo, bidhaa na utajiri unaoweza kuhamishwa. Ardhi ya ukoo huelezwa kwa maneno mengine. Kuitambua ardhi ya kimila kuwa mali ni hatua kubwa ya maana ndani ya Kiswahili chenyewe. Mwanafunzi anayesoma hukumu hiyo kwa Kiingereza pekee huiona hatua ya kisheria. Hatua ya kisemantiki, ambayo kwa wasomaji wa jarida la lugha ndiyo kiini, inamponyoka.

Mfano wa jinsi mahakama inavyoweza kuiweka wazi safari ya lugha umetolewa Arusha kwenyewe. Katika hukumu ya Jean-Paul Akayesu ya tarehe 2 Septemba 1998, majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda walitenga sehemu ya hukumu yao kueleza matatizo ya ukalimani. Mashahidi wengi walizungumza Kinyarwanda, na maneno yao yalipita katika Kifaransa kabla ya kufika katika Kiingereza. Mahakama ilimsikiliza mtaalamu wa isimu, Mathias Ruzindana, kuhusu maana ya maneno kama Inyenzi na Ibyitso, na ikakubali kwamba maana hizo zilitegemea muktadha na wakati. Majaji hawakuacha kutegemea tafsiri. Walichofanya ni kuiandika, ili msomaji ajue neno lilitoka wapi na lilipita wapi. Mdai wa shamba katika Mahakama ya Mwanzo hakupewa heshima hiyo.

6.0 Baada ya Mwaka 2021

Mapema mwaka 2021, Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu ya Musoma aliandika uamuzi kwa Kiswahili, na kitendo hicho kikazungumzwa nchi nzima. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha marekebisho yaliyobadili Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani, huku nafasi ya Kiingereza ikiachwa pale inapohitajika kwa maslahi ya haki. Kabla ya hapo, sheria iliruhusu lugha zote mbili.

Mabadiliko haya yamegeuza mwelekeo wa safari, lakini hayajaifuta njia iliyokwisha kupitwa. Maamuzi ya nyuma ambayo mahakama zinayafuata bado ni ya Kiingereza. Hukumu zilizowekwa katika TanzLII, ambazo mwanafunzi wa Sakina anaweza kuzisoma kwenye simu akiwa chumbani, kwa sehemu kubwa ni za Kiingereza pia. Akiandika makala yake kwa Kiswahili, atatafsiri kwa Kiswahili maneno ambayo hapo awali yalitafsiriwa kutoka Kiswahili. Tafsiri hiyo ya kurudi ina hatari yake: huzalisha Kiswahili kilichonyooka kisarufi kisichofanana na usemi wa mdai yeyote. Neno kihamba, lililogeuzwa kuwa shamba kwa Kiingereza, litarudi likiwa kiwanja au kipande cha ardhi, na hakuna atakayegundua kwamba kuna kitu kilichopotea njiani.

Dawa ya hatari hiyo inaanzia katika daftari. Dondoo la utafiti wa sheria linapaswa kuonyesha mambo matatu: neno la asili pale linapopatikana, lugha ambayo rekodi iliandikwa, na nani aliyeivusha kauli kutoka lugha moja hadi nyingine. Pale ambapo jalada la Mahakama ya Mwanzo bado lipo masjala, hilo lisomwe kabla ya hukumu ya rufani. Pale ambapo halipo, pengo hilo litajwe katika makala, wala lisizibwe kwa alama za kunukuu. Vitivo vya sheria na idara za Kiswahili zina sababu ya kufundisha jambo hili kwa pamoja, kwa kuwa mwanasheria anajua uzito wa rekodi na mwanaisimu anajua udhaifu wake.

7.0 Hitimisho

Historia iliyopitiwa hapa inaonyesha kwamba Kiswahili hakikukosekana katika sheria ya eneo la Meru. Kilikuwapo katika madaftari ya boma, katika mahakama za wenyeji, katika kinywa cha Kirilo Japhet na katika Katiba yenyewe. Kilichokosekana ni rekodi inayokubali kwamba kilikuwapo. Wameru wa Engare Nanyuki walihitaji kutafsiriwa ili wasikike, na walisikika. Lakini waliobaki katika maktaba ni watafsiri wao. Kizazi cha wanafunzi kinachoandika baada ya 2021 kina nafasi ambayo waliotangulia hawakuwa nayo, ya kusoma na kuandika sheria katika lugha ambayo watu wanashitakiana kwayo. Thamani ya nafasi hiyo haitapimwa kwa idadi ya hukumu za Kiswahili peke yake. Itapimwa pia kwa jinsi mtafiti anavyolitunza neno la mtu aliyepoteza shamba, tangu analiandika kwa mara ya kwanza katika daftari lake.